Jina Kahindo Liko na Mwenyewe

Binti yangu Apolline Kahindo anauzishaga maharagi ndani ya soko la Birere, na hajui kutulia. Anapima kopo moja, anasimama, anaangalia upande wa Mugunga, anarudi. Kwetu Wanande jina hilo halichaguliwi. Wanaume wakitangulia ndani ya tumbo, binti wa kwanza mwenye kuja nyuma yao ni Kahindo, upende, usipende.

Lakini Birere wamelichezea. Vijana wa moto, wenye kubeba watu na pikipiki, wanaita kila mama wa soko Kahindo, hata Mushi wa Bukavu, wa kabila ingine. Mutu akikataa kupunguza bei: "Ule ni kahindo kabisa!" Mutu akigeuza maneno yake ya jana: "Amefanya kahindo." Apolline anawajibu: "Kahindo ni mama yako! Lipa maharagi!"

Juzi akazaa binti, nyuma ya wanaume watatu. Mimi nikatoka Butembo na jina mukononi. Akakataa. Nikilitaja tu, anashika bidon ya maji anaenda kuchota, hata kama imejaa. Bwana yake Fortunat akaniambia: "Mama, acha. Hilo limekuwa jina la barabara."

"Na Fortunat ni jina la mulima gani wa kwetu?" nikamuuliza.



Siku ya mbele ya ubatizo nikamufuata Apolline sokoni. Nikasema, wenzake wasikie: "Unaona haya ya jina letu juu ya vijana wa moto?"

Akaacha kopo ndani ya maharagi.

"Mama, si vijana. Vita ilipotutoa Sake, nilizaa binti kule Mugunga, ndani ya hema ya kambi ya wakimbizi. Hakumaliza juma. Wewe ulikuwa Butembo, barabara imefungwa, nikasema nitakwambia uso kwa uso. Kisha nikashindwa. Kahindo wangu ni ule. Nikimupa huyu jina, ule atakuwa hakuzaliwa."

Akasimama tena, akaangalia kule kule.

Mimi silii sokoni. Nikashika kopo, nikamupimia muteja aliyekuwa anangojea.

"Ongeza kidogo, mama."

"Siongezi."

"Kahindo we!" akacheka, akalipa.

Kesho yake, kanisani, padri akauliza jina la mutoto. Apolline alikuwa anamubadilisha mukono huu na huu. Fortunat akaniangalia mimi.

"Miriam Kaswera," nikajibu. "Kaswera ni mama yangu. Kahindo ni dada mukubwa wa mutoto huyu."