Moto wa Germaine Ndani ya Gari ya Marehemu

Moshi ulikuwa unatoka nyuma ya gari, na hakuna mtu aliyekimbia.

Watoto walikuwa wamepanga foleni. Gari ilinukia vanille.

Mimi Daudi nimetembea Bengamisa, Buta, mpaka Juba. Magari yanayoungua nimeyaona sana. Gari inayooka gato, yaani keki, bado.

Ilikuwa Peugeot 403 ya mwaka 1958, ya mdogo wangu Émile. Aliipangusa kuliko alivyonawa uso. Mwaka jana alikufa, akamwacha mke wake, Germaine.

Mdogo wetu wa mwisho, Lionel, akanipigia simu: "Yaya, kaka yangu, wewe ndio mukubwa. Kuja useme neno, famille itwae gari. Nimepata mutu wa kuinunua."

Nikaja kusema hilo neno. Sifichi.

Tukaingia uani, Lionel mbele, wanaume sita wa kusukuma nyuma yake. Germaine alikuwa anapiga mayai. Hakuinua kichwa.

"Semeki, toa vitu vyako. Gari iko ya famille," Lionel akamwambia shemeji yake.

"Fungua uangalie."

Lionel akafungua mbele. Mifuko ya unga tu, injini hakuna.

"Moteur iko wapi?"

"Niliuza, nikanunua matofali."

Akaenda nyuma. Ndani ya coffre, buti ya mizigo: matofali, udongo, makala ya kuni yanawaka, gato tatu zimeumuka.

"Unafanya nini na gari ya kaka yangu?"

"Ninakula. Bati ya siku hizi inakunjamana kwa moto. Hii iko nzito, tena waliichora mviringo kila pahali, mugongo inashuka polepole. Joto haikwami kwa pembe. Émile alikuwa anasema iko muzuri. Mie nimejua sababu."

Lionel akawaita wale sita kwa mkono. Hapo Germaine akanigeukia.

"Yaya Daudi, kwenu mwanaume anabomoa jiko ya mwanamuke ikiwa na moto?"

Kwetu, hata watu wakifikia kushikiana panga, jiko linalowaka haliguswi. Bibi alitulea hivyo.

"Hapana," nikasema.

"Bon," Lionel akasema mbele ya watu wote. "Tutangoja. Moto ikizima, tunabeba."

Kosa lake ndilo hilo. Neno la mbele ya famille halirudi mdomoni.

Nikainama, nikaongeza makala.

"Yaya, unafanya nini?"

"Niko napika."

Leo ni mwezi wa tano tangu siku ile, moto haujazima. Majirani wanaleta gato za harusi na za ubatizo, kila mtu na makala yake. Lionel hupita kila juma juu ya toleka, baiskeli ya abiria, anachungulia, anaenda.

Jumamosi nikakuta mwanamke amepiga magoti kwenye coffre, anapuliza moto uliokuwa unataka kufa. Chantal. Mke wa Lionel.

"Yaya, usimuambie," akasema, majivu usoni. "Siku Lionel akikufa, mutaanza na mie."

Nikamletea makala.

Basi wewe unayengoja moto wa mjane uzime, tafuta kiti cha nguvu. Utakaa.