Niliacha kwa Maringo

Kamati ya vijana ya kanisa letu pale Dagoretti Corner ilitafuta mtu wa kuwafundisha wasichana kumi na wawili densi, nami niliitaka kazi hiyo kuliko kitu kingine chochote. Nilikuwa nimecheza ngoma za asili mbele ya wageni wa hoteli za mjini kwa miaka kumi na tisa. Goti la kushoto lilikuwa limekwisha, na yote niliyoyajua hayakuwa na pa kwenda. Wasichana walikuwa tayari. Kilichobaki, katibu wa kamati aliniambia, ni jambo dogo tu: ushuhuda.

"Si unajua watu wanaongea, dada," alisema. "Wewe simama tu mbele ya kanisa, useme venye bangi ilikuharibia maisha. Watanyamaza. Alafu Saturday unaanza."

Akanipa karatasi. Alikuwa ameshaniandikia, Mungu ambariki. Nikaisoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi yake. Kumbe nilikuwa nimelala mitaroni! Kumbe niliuza nguo za mama yangu! Kumbe densi ndiyo iliyonifungulia mlango wa dhambi, bangi ikaingia nyuma yake, kisha Bwana akanitoa shimoni nikiwa sina hata viatu. Nilimhurumia sana yule mwanamke wa kwenye karatasi. Sikuwa nimewahi kukutana naye.

Sijitakasi. Nilivuta. Kundi letu lilifanyia mazoezi katika ukumbi mmoja karibu na Adams Arcade, na kabla ya kwenda kwenye onyesho, nusu ya wachezaji ungewakuta nje kando ya tangi la maji, wakipitishiana msokoto. Watu hudhani wasanii huvuta kwa sababu ya ujana au shetani. Wengi wetu tulivuta kwa sababu ya simiti. Rukaruka jioni nne kwa wiki juu ya simiti iliyofunikwa zulia ili wageni wasiione, halafu uje unieleze habari za shetani. Daktari hatukuwa naye. Na wengine, niseme tu ukweli, walivuta kwa sababu walipenda, na walinishinda kucheza.

Niliacha siku moja mchana, bila sala wala machozi. Mwenzangu alikuwa ametupiga video kwa simu, akaniita nione. Kwa miezi mingi nilikuwa nimeamini kwamba nikishavuta hakuna anayenifikia. Kwenye ile video wenzangu wanaruka, wanatua pamoja, halafu, wao wakishatua, natua mimi. Nusu pigo nyuma, kila mara, na ninatabasamu kama bibi arusi. Niliitazama mara tatu. Tangu siku hiyo sikugusa tena. Sikuacha kwa kuokoka, niliacha kwa maringo. Mimi, nichelewe ngoma! Goti liliendelea kuuma, nikacheza nalo hivyo hivyo miaka kumi na mmoja zaidi.

Sasa Jumapili ya ushuhuda kanisa lilikuwa limejaa. Mama yangu alikaa safu ya tatu, kitambaa cha ushirika wa akina mama kichwani. Nikasimama mbele, karatasi ya katibu ikabaki mkobani.

"Bwana asifiwe," nikasema. "Nilivuta bangi miaka minane."

Wakatulia vizuri, kama watu wanaosubiri kupakuliwa chakula.

"Sikulala mtaroni. Nililala kwangu Hurlingham. Sikuuza nguo za mtu. Na densi haikunipeleka kwa bangi, densi ndiyo ilinitoa. Niliacha kwa sababu nilikuwa nachelewa ngoma, na mimi sipendi kuchelewa. Hao wasichana nipeni niwafundishe. Wakiniuliza habari ya bangi nitawaambia hivi hivi, vile ilikuwa."

Msichana mmoja alicheka huko nyuma, akanyamazishwa. Mwenyekiti wa kamati alichukua maikrofoni kutoka mkononi mwangu, polepole, utadhani ananipokonya kisu. Akasema tumwombee dada yetu, kwa maana Bwana bado anamshughulikia. Ibada ilipoisha katibu alinijia bila kuniangalia machoni: hiyo Jumamosi imesongezwa mbele kidogo, wataniita. Nilimwambia asijisumbue kuniita, mimi nitakuja mwenyewe kila Jumamosi kuuliza. Katika kamati hiyo kuna mtu anayeuza pombe Jumatatu hadi Jumamosi, na hakuna aliyemwomba ushuhuda. Hilo pia nilimwambia.

Nilimkuta mama langoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, maneno yote ninayo mdomoni. Hakuwa na hasira. Tulitembea hadi karibu na kituo ndipo akauliza.

"Ati uliacha lini?"

"Sasa ni miaka kumi na mmoja, Mama."

Akasimama katikati ya watu. "Kumi na mmoja," akasema. "Na mimi nimekuwa nikifunga kila Jumatano juu yako. Hata hii juzi."

Jumatano ndiyo siku niliyokuwa nikienda kwake, kwa kuwa sikuwa na onyesho. Alikuwa akinipikia, anakaa mbele yangu, ananitazama nikila hadi nimalize. Kila mara alisema yeye amekula mapema. Nami niliongeza mchuzi nikamsimulia mambo ya mjini.

"Mbona hukuniuliza?" Sauti yangu ilikuwa juu, watu wakageuka.

"Niliogopa utasema ndio."

Nilimkasirikia kuliko nilivyoikasirikia kamati, na sikuificha hasira hiyo.

"Ningesema ndio," nikamwambia. "Ungeniuliza, ningesema ndio, Mama. Halafu siku ile nilipoacha ningekuja nikuambie, nawe ungekula."