Mabuti Niliyowauzia Mimi

Niliporudi kutoka Mwanza nilikuwa na diploma ya biashara, niliyoisomea jioni baada ya kubeba mifuko ya saruji mchana kutwa, na mtaji ambao hakuna ndugu aliyenichangia. Nasema hivyo bila aibu. Nyumbani kwetu Nyarero vijana wa rika langu walikuwa bado wanachunga ng'ombe wa baba zao. Dhahabu ilikuwa imeonekana kwenye machimbo ya jirani, na watu walimiminika kutoka kila upande, nyundo begani. Mimi sikwenda kuchimba. Nilikwenda kuwauzia wachimbaji kamba, ndoo, tochi za kichwani na mabuti ya mpira. Duka langu la mabati lilikuwa kando ya barabara inayoshuka kwenye maduara, yaani yale mashimo ya dhahabu, na hakuna aliyeshuka humo bila kupita mbele ya kaunta yangu.

Ng'ambo ya barabara alikaa mama mmoja aliyeuza uji na viazi chini ya turubai. Alitoka Ringwani, kule Serengeti, kwa hiyo hakuwa hata mwenyeji wa pale. Darasa la saba hakulimaliza. Alisema hivyo mwenyewe, tena akicheka.

Wivu wangu ulianza siku ofisa mmoja alipokuja kutuambia kwamba vibanda vyote vya barabarani vitahamishiwa kwenye uwanja mpya nyuma ya shule, mbali na maduara. Kwangu hiyo ilikuwa sawa na kufungiwa duka. Nilisimama nikaeleza kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa: utangulizi, hoja tatu, hitimisho. Nilipofika hoja ya pili watu walikuwa wanachokonoa meno. Ndipo mama wa uji akanyanyuka, upawa mkononi, akamwamkia mgeni na kumuuliza swali moja.

"Baba, mtu ametoka shimoni na njaa, mabuti yamejaa maji. Utamtembeza mpaka nyuma ya shule kufuata kikombe cha uji?"

Hata ofisa alicheka. Watu wakapiga makofi kwa muda mrefu. Hoja ile ilikuwa yangu. Ilikuwa ya tatu, sema tu nilikuwa sijaifikia.

Ikaamuliwa sisi wa barabarani tuchague mwenyekiti wa kutusemea kwenye mkutano wa kijiji. Nilijua nafasi ni yangu, kwa maana nani mwingine angeweza kukaa meza moja na mtendaji wa kijiji na kusoma muhtasari bila kufuata mstari kwa kidole? Nilishonesha kaunda suti Tarime mjini. Nikasikia kwamba wasaga mawe ya dhahabu wamempendekeza mama wa uji, na kwamba yeye amekataa mara mbili kabla ya kukubali. Nikaona hayo ni maringo. Kisha, ili ushindi wangu usiwe na shaka, nikatoa hoja kwamba wachimbaji nao wachague, maana soko ni lao pia. Wote walikuwa wateja wangu. Hoja ikapita, na katika mambo yote niliyoyasema mwezi ule, ni hilo tu lililopita.

Tulichagua kwa mstari, kama tulivyozoea. Mgombea anasimama uso ukitazama ukuta wa ofisi ya kijiji, haruhusiwi kugeuka, na wanaomtaka wanajipanga nyuma yake. Tulisimama sisi wawili, hatua chache kati yetu.

"Msomi, umemwacha nani dukani?" aliniuliza polepole.

Nikamwambia nimefunga.

"Mimi nimeacha sufuria wazi. Wanajipakulia wenyewe."

Nikamwona mjinga. Wakati huohuo nikasikia mabuti. Buti la mpira lenye tope ndani lina sauti yake, na mimi naijua hata nikiwa usingizini. Yalikuja mengi, yakifyonza ardhi, yakasimama nyuma yetu. Katika machimbo yote yale, mabuti yalitoka kwenye rafu zangu. Nikautabasamia ukuta na kuanza kupanga maneno ya shukrani.

Tulipoambiwa tugeuke, nyuma yangu walikuwepo shemeji zangu wawili, kinyozi, na mzee mmoja ambaye nadhani alifuata kivuli. Mstari wa mama wa uji ulikuwa umezunguka kona ya ofisi. Mtu wa sita katika mstari huo alikuwa mke wangu. Hakuinamisha uso.

Nyumbani nilimuuliza, na alijibu akiendelea kuchambua mchicha.

"Wewe ungeshinda, ungeongea. Yeye ameshinda, na tutabaki hapa."

Kesho yake mama wa uji alivuka barabara na kikombe cha uji, akakiweka juu ya kaunta yangu. Alitaka barua ya kupeleka kwenye mkutano wa kijiji.

"Andika lile swali langu," alisema, "ila ulivalishe nguo nzuri."

Ningeweza kukataa. Lakini duka langu nalo lingehamishwa, na barua kama ile hakuna mwingine pale aliyeweza kuiandika. Niliiandika kwa hoja tatu, safari hii nikaanza na ile ya tatu. Aliisoma mkutanoni mwenyewe, taratibu. Alikwama kwenye neno moja, na uwanja mzima ukamsubiri mpaka akalitamka. Mimi hakuna aliyewahi kunisubiri.

Vibanda havikuhamishwa. Machimbo yote yalisema mama wa uji ameokoa barabara. Nakala ya barua ninayo mpaka leo, mwandiko wangu kuanzia juu mpaka chini, na mwishoni jina lake.

Miaka yote iliyofuata wageni waliokuja kutafuta bahati yao walianzia dukani kwangu, wakiuliza mwenyekiti anakaa wapi. Niliwaonyesha kwa kidevu, ng'ambo kule, kwenye watu wengi. Kisha nikawauliza wanavaa buti namba ngapi.