Msemaji Wetu Ametuuza, Naye Ni Mume wa Dada Yangu

(Mwenye kisa hiki tunamjua. Ametuomba tumsitiri, nasi tumeyabadili majina yote. – Mhariri)

Bwana Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wa ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nimeachika, napanga chumba Kariakoo pamoja na binti yangu. Jioni nafundisha watu wazima katika chuo kimoja hapa mjini: makarani, wapagazi wa bandarini, akina mama wanaotaka kujisomea barua zao wenyewe. Lakini sikuajiriwa. Mimi ni mwalimu wa saa, kama wenzangu wengi pale. Muhula ukifungwa tunaambiwa kwaherini. Ukifunguliwa tunasimama ukumbini kungoja nani ataitwa. Walimu wa kudumu wana chama chao. Sisi tulipobisha hodi tulijibiwa, "Nyinyi vibarua, chama cha nini?"

Mwaka huu tulichoka. Mwenzetu mmoja, Mwalimu Elinami, mtu wa Kilimanjaro, aliugua kifua akalazwa hospitali. Alipotoka akakuta darasa lake amepewa mtu mwingine, na hakuna aliyemwambia hata pole. Akaranda kwa wakubwa mpaka akaokota darasa jingine dogo. Hapo tukasema basi, tutafute mtu wa kutusemea kwa mkuu wa chuo na kwa chama, mpaka na sisi tupokewe chamani. Tukamchagua Idrisa, mwalimu wa saa kama sisi, hodari wa maneno. Idrisa ni mume wa dada yangu mkubwa. Siku ile nilijivuna, kusema kweli.

Tulikutana nyumbani kwake Ilala. Dada alitupikia, tukala sinia moja. Idrisa akasema, "Semeni yote, msifiche. Msemaji asiyekijua kidonda atapaka dawa wapi?" Tukasema yote. Elinami akatoa shauri kwamba tukikataliwa, siku ya kufungua muhula asiingie darasani hata mtu mmoja. Tukakubali sote. Idrisa akamshika mkono, akamwambia, "Hapo umenena, ndugu yangu."

Siku chache baadaye mkuu wa chuo akatuita ukumbini. Idrisa alikuwa amekaa naye meza ya mbele, kaletewa chai. Mkuu akatangaza kwamba walimu wa saa hawana malalamiko, ila yuko mchochezi mmoja wa mgomo, naye ameshajulikana. Akamtaja Elinami. Asirudi tena. Sote tukamgeukia msemaji wetu. Idrisa akachovya biskuti katika chai, akaifyonza taratibu, kisha akasema, "Walimu wa saa ni wapita njia. Mpita njia hajengi nyumba barabarani."

Wasomaji, niwaambie kilichonijia palepale. Si hasira, ni kinyaa, kama mtu aliyekula wali akakuta mdomoni kitu kinachojongea.

Haukupita muda tukasikia Idrisa amefanywa mwalimu wa kudumu. Ijumaa moja baada ya sala akaja kwangu na halua.

"Shemeji, mbona umenuna? Mjini hapa mwenye akili hula na mwenye chungu."

"Na Elinami?"

"Yule mgonjwa, asingedumu hata hivyo." Akacheka. "Sikiliza. Amekwenda kulia kwa chama, na chama kitakaa mwisho wa mwezi kumsikiliza. Wewe utasema tu kwamba alikuja mkutanoni amelewa, akatutisha. Nimeshakuombea, muhula ujao na wewe ni wa kudumu."

Elinami ni mtu wa kanisa, pombe haigusi. Nikamwuliza, "Nani alimpelekea mkuu habari za mgomo?"

"Mimi. Ulidhani nani? Nafasi ningeipataje?" Aliyasema hayo huku akilamba halua vidoleni, kidole kwa kidole.

Nilimtoa nje. Halua yake nikaitupa, nikanawa mikono kwa sabuni, na bado niliona mikono inanata.

Nilipowaeleza wenzangu wakasema, "Nenda ukaseme hayo hayo. Ni wewe peke yako uliyemsikia kwa masikio yako." Chama kikiniamini kitamsemea kwa mkuu, huenda Elinami akarudi na sisi tukapokewa. Elinami mwenyewe hajaniomba kitu. Nilimkuta sokoni, amekonda, akaniulizia hali ya mwanangu tu, akaenda zake.

Jana akaja dada. Yeye ndiye aliyenilea tangu mama yetu alipofariki. Nikamwambia, "Shikamoo, dada." Hakuitikia.

"Ukisimama mbele ya watu wale," akasema, "ameapa ataniacha siku hiyo hiyo. Nitakwenda wapi na watoto, na mimba hii?"

"Dada, unajua alichokifanya?"

"Najua. Aliniambia akichekelea, nikatoka uani nikatapika. Nilijidanganya kwamba ni mimba." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Lakini ndiye ninayelala naye kitanda kimoja, mdogo wangu."

Nikamwambia akiachwa aje kwangu, tutabanana. Akakitazama chumba changu, kitanda kimoja na jiko mlangoni, akaondoka zake.

Wasomaji wenzangu, mwisho wa mwezi umekaribia. Nikisema, namtoa dada yangu nyumbani kwake na mimba tumboni. Nikinyamaza, mtu mgonjwa ataitwa mlevi, na mimi kesho nitasimama mbele ya ubao kufundisha watu wazima namna gani? Msinijibu kwamba damu ni nzito kuliko maji. Hilo nimeambiwa na kila jirani. Nipeni shauri la mtu ambaye angekuwa yeye ndiye mimi. Ingekuwa ni dada yako, ungesema?