Dadu Yenye Doa Jekundu

Mazimwi ya kizungu yalinichosha mapema. Kaka yangu alikuwa mfagizi katika kituo kimoja cha utafiti pale Ifakara, na mwanafunzi mmoja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao alimwachia mchezo wake: kitabu kisicho na jalada na mfuko wa dadu nyeusi zenye nyuso nyingi. Kaka ndiye aliyekuwa akisimulia safari. Sisi wachezaji tuliamua wahusika wetu wafanye nini, na dadu ilisema kama wamefaulu au wameangamia. Kila mmoja alichagua kabila la kuwa. Kitabuni kulikuwa na mbilikimo wenye ndevu wanaochimba dhahabu, na njiani wahusika wetu walikutana na joka linalotema moto.

"Nani atamwogopa huyu?" nilimwuliza kaka. "Moto sisi tunawasha mashambani kila kiangazi."

"Basi tengeneza lako, mjuaji."

Nikatengeneza, tena kwa hasira. Tulicheza barazani mchana, wakati wa kuanika mpunga, kwa kuwa lazima mtu akae kufukuza kuku. Nilibuni Wakwangua, kabila la watu wafupi waishio ndani ya sufuria, wasiokula chochote ila ukoko. Ukiwanyima, wali wako hauivi tena hadi unazeeka. Nilibuni watu wa mafuriko, ambao maji yakikauka hulala ndani ya nyufa za udongo na kukushika kisigino ukipita. Nilibuni pia zimwi linalopiga honi tangu mwanzo wa mchezo. Unajificha, unangoja, haliji. Linafika siku ambayo umeacha kungoja. Yeyote aliyewahi kungoja treni pale Mlimba hakuhitaji kuelezwa.

Aliyelicheka zaidi hilo ni binti wa mama mdogo. Alitoka Mlimba kuja kukaa kwetu ili awe karibu na hospitali, maana alikuwa na kifafa. Shule aliiacha kwa sababu hakuna aliyekubali kukaa naye dawati moja. Watu wengi waliamini, na wapo wanaoamini mpaka leo, kwamba mgonjwa akianguka, mate yake yakikugusa na wewe umekipata. Huko kwao alikuwa na sahani yake ya bati, iliyotobolewa ukingoni isije ikachanganyika na za wengine. Alinisimulia habari za sahani hiyo huku akicheka, na kicheko kile kilinikera hadi nikatamani kumfinya. Kwetu mama alimkalisha kwenye sinia moja na sisi wote, na aliyenuna alilala njaa. Mkekani napo alikaa katikati yetu. Nilimwona jinsi alivyowahi kuutandika kila siku, kabla hata mpunga haujatolewa nje.

Nilitaka kumpa kitu kikubwa. Nikambunia kabila, nikaliita Wapaa. Mpaa anapoanguka, mwili wake hubaki chini, roho hupanda juu ya mawingu na kuona yote yaliyofichwa, na akizinduka msimuliaji lazima amjibu swali moja kwa ukweli. Kaka alisema ndilo kabila bora kuliko yote ya kitabuni. Mchezaji wetu wa nne, kijana wa jirani aliyekuwa akitengeneza baiskeli, alilihusudu waziwazi. Binti wa mama mdogo alisema, "Ahsante, dada," akalicheza vizuri sana, wala sikujiuliza kwa nini alikuwa halitaji kwa jina.

Siku moja alianguka kwelikweli. Zamu ilikuwa yake, dadu ikiwa mkononi. Kijana wa jirani aliruka kutoka barazani mpaka uani, kaka akarudi nyuma hadi ukutani. Mama alitoka jikoni, akamlaza ubavu, akamfuta povu kwa khanga aliyokuwa ameivaa. Dadu ilibingirika ikaingia kwenye mpunga. Alipozinduka na kukaa, kijana yule, akiwa bado uani, alimwuliza kwa shauku, "Uliona nini?"

"Giza," alisema. "Na nimeuma ulimi."

Kesho yake kaka alikuja na dadu ile imetiwa doa la rangi ya kucha, jekundu.

"Hii ni yako peke yako," alimwambia kwa upole. "Hakuna mwingine atakayeigusa. Sisi tutatumia hizi nyingine."

Nilimvuta pembeni nikamwuliza kama huko kazini hawajui kwamba kifafa hakiambukizi. Alisema wanajua, na yeye pia anajua, daktari aliwaeleza wazi. "Lakini," akasema, akaishia hapo. Alidhani ametoa zawadi. Niliirudia ile 'lakini' kichwani.

Tulipokaa, binti wa mama mdogo alikuwa ameinamia mapaja yake.

"Dada, sitaki tena kuwa Mpaa," alisema. "Nitengenezee mtu."

"Mtu wa namna gani?"

"Wa kawaida."

"Ana nguvu gani?"

"Hana."

"Lazima awe na kitu, ndiyo sheria," kaka alisema.

Alifikiri. "Basi andika, wanakula naye."

Kisha akafungua kiganja juu ya ungo tuliokuwa tunarushia dadu, na dadu yake ikaanguka kati ya zile nyingine. Alikuwa ameikwangua kwa ukucha wakati sisi tukibishana pembeni. Zilikuwa nyeusi zote, hakuna aliyejua ipi ni ipi.

Zamu ilikuwa ya kijana wa jirani. Aliokota moja kwa ncha za vidole, akaigeuzageuza juani akitafuta wekundu, akairudisha. Akaokota nyingine.

"Dada," binti wa mama mdogo aliniambia, macho yake yakiwa kwenye vidole vile, "hilo zimwi hujalibuni bado."

Akazikusanya dadu zote kwa viganja viwili, akaziinua hadi mdomoni, akazipuliza kama tulivyokuwa tukifanya kuomba bahati, akazirudisha ungoni.

"Haya. Nani anafuata?"

Kuku walikuwa wameshaingia kwenye mpunga, wanadonoa, na hakuna aliyewafukuza. Nilishikwa na hasira. Nikaokota dadu ya kwanza iliyogusa kidole changu, nikarusha.

"Mtu wa kawaida anatoka nyumbani asubuhi, nami naandamana naye," nikamwambia kaka. "Simulia. Tunakutana na nani?"

Kaka alitazama ungo, kisha akautazama mkono wangu.

"Kanawe kwanza," akasema.