Karatasi ya Njia ya Karani

Siku zile niliendesha lori la duka la Mhindi mmoja pale Kisumu, lori lake la pekee. Alipolileta aliniambia wazi: likiingia mtoni, au mzigo ukiharibika, nitaacha ufunguo mezani niende nyumbani. Nilikuwa na watoto watatu na sikujua kazi nyingine. Basi naandika haya nikijua huenda nakumbuka vibaya mahali fulani, lakini hilo la ufunguo nalikumbuka sawasawa.

Dukani alikuwapo karani wa kuandika njia. Alivaa helmeti ya jua, kama ya Wazungu, hata ndani ya nyumba. Hakuwahi kufika mbali zaidi ya Ahero, na huko alipelekwa na mjomba wake kwa baiskeli. Lakini alikaa kwenye kiti chake akaichora nchi ya Kano yote kwa rula, barabara zimenyooka kama mistari ya daftari, na kila daraja akaliandikia sifa yake. Niseme haki: madaraja mawili ya kwanza aliyaandika vizuri. La tatu aliandika, "Imara. Halina neno."

Nilifika kwenye hilo la tatu kabla ya saa sita mchana, nimebeba magunia ya chumvi. Yalikuwa magogo manne na mbao juu yake. Nikaikunjua karatasi aliyonipa karani, nikasoma tena "halina neno", nikatia gia. Hapo nikaona mama mmoja chini mtoni anafua nguo juu ya ubao, na katikati ya povu nikatambua namba 2. Nikashuka. Ulikuwa ubao wa serikali wa kukataza gari la zaidi ya tani mbili. Mimi na chumvi yangu tulizidi hapo sana.

"Mama, ubao huu ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa umesimama pale juu, hauna kazi," akasema, na akaendelea kufua.

Mzee mmoja aliyekuwa anachunga akanicheka. "Pita tu, Bwana. Ng'ombe wangu wote wanapita hapa. Sijaona hata mmoja ameanguka."

"Mzee, ng'ombe wako wanapita mmoja mmoja."

"Na wewe, magari yako ni mangapi?"

Kupita ndani ya maji sikuweza, chumvi ingeyeyuka yote. Basi tukashusha magunia. Watu wa pale wakayavusha kwa vichwa, mimi nikavusha lori tupu polepole, magogo yakilia chini yangu, halafu tukapakia upya. Ujira wao ulikuwa chumvi, kila mtu kibuyu kimoja, kutoka gunia nililolifungua mwenyewe. Mama wa ubao alichukua viwili, akasema kimoja ni cha ubao.

Niliporudi Kisumu, tajiri wangu, yule Mhindi, aliuliza habari ya gunia lililofunguliwa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikaweka karatasi mezani nikasema, mbele ya wateja, kwamba mtu anayeandika madaraja akiwa kitini afadhali auze vitunguu. Wateja wakacheka. Nikaona raha, sikatai.

Karani hakukasirika. Alivua helmeti, akafungua daftari lake, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Daraja la tatu. Nimemuuliza dereva wetu. Amesema halina neno."

Dereva wao nilikuwa mimi. Ndipo nikakumbuka: mwezi uliopita aliniuliza nikiwa nakula, nami nilikuwa nimetoka kupita pale na gari tupu.

Tajiri akanitazama. "Ulisema hivyo?"

Ningeweza kukana. Karani hakuwa na shahidi. Nikasema, "Nilisema. Sikusema gari lilikuwa tupu. Naye hakuuliza."

Nikauweka ufunguo mezani mwenyewe. Tajiri akausukuma kwangu kwa kidole kimoja. Akasema chumvi imefika kavu na gari liko mlangoni, kwa hiyo nisimjazie meza.

Karani naye alichovya kalamu. Kando ya "halina neno" akaongeza "kwa gari tupu", kwa wino mwekundu, akapigia mstari mara mbili, halafu akavaa helmeti yake, akanionyesha ukurasa kama mtu aliyeligundua jambo hilo yeye mwenyewe.