Mkaa Uliozidi Uzito

Mdogo wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mizani, aliuza mkaa miaka thelathini bila kuumwagia maji ili uzidi uzito. Uaminifu huo, nami najivunia kwa kuwa nimemlea mimi, ndio uliompatia kazi maabarani. Alipewa kupima mkaa wa vifuu vya nazi, wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, ambao eti hunasa hewa ya ukaa.

Siku ya kwanza alipima gramu mia. Mtaalamu, binti mdogo tu, akaupitishia ile hewa, akaurudisha mizanini. Gramu mia na nane!

"Mwanangu, umeumwagia maji," akasema Mizani. "Mimi hapo sitii sahihi."

"Babu, hewa nayo ina uzito!"

"Hayo kawaambie wanaonunua bila kupima."

Binti akaupasha moto ndani ya chupa. Mizani akaikodolea macho, akingoja matone. Chupa ikabaki kavu, na mkaa ukarudi gramu mia. Akapima mara tatu, akaunusa, akapangusa chupa kwa kidole.

Mwishowe akatia sahihi kwenye fomu, penye uzito. Palipoandikwa "sababu", akarudisha kalamu.

"Hapo jaza mwenyewe. Mimi hiyo hewa sijaiona."